Msiba wa kazini: nani azungumze na wanahabari kwa niaba ya familia?

Fundi ameteleza kutoka orofa ya saba kwenye mjengo wa Kilimani, Nairobi, saa nne asubuhi. Kufikia saa sita video iliyopigwa na mpita njia imezunguka makundi ya WhatsApp. Saa nane mwanahabari na mpiga picha wamesimama nje ya mochari ya jiji, barabara ya Ngong. Saa kumi simu ya mjane inalia kwa namba asizozijua. Taarifa ya habari ya saa moja ikifika, nyanya ya marehemu kule ushago huenda ameshasikia kila kitu kwenye redio ya lugha ya mama kabla mtu wa ukoo hajampigia.

Ndani ya saa hizo tisa mtu fulani atakuwa amezungumza kwa jina la familia. Familia isipomchagua, atajichagua: jirani mwenye maneno mengi, foromani, wakili aliyekutana nao langoni, au afisa wa mawasiliano wa kampuni. Nimekaa kwenye kamati za mazishi za kutosha kuona kwamba suala hili huletwa mezani likiwa limechelewa, baada ya jeneza, basi na chakula. Lingeletwa kwanza.

Kipimo ninachotumia kwa kila njia hapa chini ni kimoja. Kamera hukaa siku mbili tatu, kisha huhamia kwa msiba mwingine au kwa siasa. Madai ya fidia hukaa miezi, mara nyingine miaka. Msemaji anayefaa ni yule ambaye alichosema siku ya pili hakitaigharimu familia miezi minane baadaye.

Kwanza, kilicho mezani

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo mawakili na watu wa bima huiita WIBA, inawapa wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kwa ajali ya kazi mapato ya miezi 96. Aliyekuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi, hesabu inafika shilingi 1,920,000. Gharama za mazishi zimetajwa kando. Mwajiri anatakiwa kuwaarifu maafisa wa serikali wa usalama na afya kazini, yaani DOSHS, ndani ya saa 24 baada ya kifo, na kuwatumia taarifa ya maandishi ndani ya siku saba.

Sasa fikiria yatakayobishaniwa. Je, alikuwa mfanyakazi wa kampuni hii au wa mkandarasi mdogo ambaye sasa hapatikani kwa simu? Alikuwa akilipwa ngapi? Alikuwa kazini au amepita tu? Alikuwa amevaa mshipi wa usalama? Haya ndiyo maswali ambayo mwanahabari, bila nia mbaya yoyote, humuuliza jamaa mwenye macho mekundu. Binamu akijibu kwenye televisheni kwamba "hata hakuwa ameandikwa, alikuwa amemshikia rafiki yake zamu," amewapa watu wa bima sentensi ambayo wangeilipia. Na huenda si kweli hata, ni alivyosikia kwa watu.

Jamaa wa familia

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa familia nyingi, kwa sharti la kumchagua mtu vizuri.

Asiwe mjane. Asiwe mama mzazi. Mwanahabari atawataka hao kwa sababu machozi ndiyo habari yake, lakini mtu aliyefiwa saa sita zilizopita hana uwezo wa kupima neno. Mtafuteni mtu wa mduara wa pili: binamu, shemeji, mjomba mdogo, mtu anayeweza kula na kulala usiku ule. Ajue tarehe, ajue alikofanya kazi marehemu, awe na simu yenye chaji.

Tatizo la kwetu ni itifaki. Mzee wa ukoo akiwasili kutoka ushago alfajiri, ni vigumu kumwambia kijana wa mtaa wa Umoja ndiye atakayesimama mbele ya maikrofoni. Nimeona suluhisho moja likifanya kazi vizuri: mzee anafungua, anawashukuru waliofika, anamtaja marehemu kama mtoto wa nyumba fulani, kisha anasema, "Mengine atawasomea kijana wetu." Heshima imebaki mahali pake na karatasi imesomwa na mtu anayeijua.

Tatizo la pili ni zito zaidi na halizungumzwi. Familia huwa na pande mbili, upande wa mume na upande wa mke, na wakati mwingine kuna mke wa pili ambaye wengine wanamsikia kwa mara ya kwanza pale mochari. Fidia hulipwa wategemezi. Kila upande ukipeleka msemaji wake kwenye kituo chake, orodha ya wategemezi inaanza kugombewa hadharani, na mwajiri ana sababu nzuri ya kusema anasubiri familia ikubaliane. Kaeni, hata kama ni kwenye ngazi za kanisa, mkubaliane jina moja. Wengine wote wanajibu hivi: "Kaka, asante kwa kufika. Msemaji wetu ni fulani, namba yake ni hii." Basi, hakuna nyongeza.

Faida ya jamaa ni kwamba watu humwamini, hadai ada, na hana ajenda nje ya nyumba hiyo. Hatari yake ni hasira. Kumwita meneja muuaji kabla ya upasuaji wa maiti kunaweza kuzaa kesi ya kashfa juu ya msiba. Neno linalobeba uzito uleule bila hatari ni "tunataka kujua": tunataka kujua ngazi ile ilikaguliwa na nani, tunataka kujua kwa nini tuliarifiwa saa tano baadaye.

Wakili

Wakili mzuri anajua yapi yasisemwe, na hiyo ni nusu ya kazi. Wanahabari nao humtendea kwa uangalifu zaidi, na kampuni ikisikia kuna wakili, simu za "njooni tuzungumze kama familia" hupungua.

Ila kuna mawakili wa kamera. Watambue kwa ahadi. Akisimama nje ya mochari na kutangaza kwamba kesho atamshtaki mwajiri mahakamani kudai mamilioni, muulize kwa upole kuhusu WIBA. Madai dhidi ya mwajiri huanzia kwa Mkurugenzi wa DOSHS, na mahakama inayohusika na masuala ya ajira huja baadaye kama kuna rufaa. Mahakama ya Juu iliiunga mkono sheria hiyo Desemba 2019. Wakili huyo ama hajui, au anajua na anatafuta wateja wengine kupitia marehemu wenu. Ni kweli kuna kesi zinazoweza kufunguliwa dhidi ya watu wengine wasio mwajiri, kwa mfano mwenye mtambo uliokodishwa, lakini hiyo ni hesabu ya kupigwa ofisini, karatasi zikiwa mezani.

Jina la wakili yeyote linaweza kutafutwa kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kwa simu yako, kabla hujatia sahihi. Asiye na pesa aende Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia maskini wa Nairobi tangu miaka ya sabini na kinazijua kesi za wafanyakazi.

Wakili akae nyuma ya pazia. Asome taarifa ya familia kabla haijatoka, afute sentensi mbili, arudi kwenye faili lake. Ajitokeze mbele mambo matatu yakitokea: mwajiri akikana kabisa kumjua marehemu, mtu akikamatwa, au mwili ukizuiliwa. Hapo sauti ya jamaa haitoshi.

Chama cha wafanyakazi na mashirika ya haki

Hawa wana kitu ambacho familia haina: wanajua eneo la kazi. Wanajua kama ajali nyingine ilitokea mwezi uliopita, kama kofia ngumu ziligawiwa siku ya ukaguzi tu, kama mtambo ulilalamikiwa. Na wenzake marehemu, wanaoogopa kufutwa wakionekana kwenye taarifa ya habari, wanaweza kusema kupitia chama bila nyuso zao kuonekana. Kamera zikiondoka, chama bado kipo. Vituo vya haki vya mitaani kama kile cha Mathare navyo vina uzoefu wa kusindikiza familia kutoka kituo cha polisi hadi mochari, jambo ambalo kwa mgeni wa taratibu hizo ni mlima.

Udhaifu ni kwamba kila shirika lina vita vyake. Chama kikiwa katikati ya mazungumzo ya mshahara, marehemu wenu atakuwa hoja mezani, na picha yake inaweza kuchapishwa kwenye bango ambalo hamkuulizwa. Halafu vibarua wengi wa mjengo na wa viwanda vya Industrial Area si wanachama wa chochote.

Gawaneni kazi. Chama kiseme kuhusu usalama wa kazi, familia iseme kuhusu mtu wao. Picha, jina la mjane na siku ya mazishi vitoke kwa familia peke yake.

Kampuni

Kampuni itakuja na vitu ambavyo msiba unavihitaji kweli: gari la kubeba mwili, jeneza, basi la kwenda Busia au Makueni, na afisa mpole mwenye koti safi anayesema, "Mama, msijali kuhusu wanahabari, sisi tutawaandikia taarifa." Wakati kamati imekusanya elfu thelathini kwa siku mbili, ni rahisi kusema ndiyo kwa yote.

Pokeeni gari. Kataeni taarifa ya pamoja.

Afisa huyo analipwa kulinda jina la mwajiri, na hata akiwa mtu mwema, hawezi kuandika sentensi inayomuumiza anayemlipa. Taarifa za namna hiyo hufanana: "ajali ya kusikitisha", "tunashirikiana na vyombo husika", "familia imeomba faragha". Ile ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa, kwa sababu mara nyingi familia haikuomba chochote. Ikishatoka, mwanahabari mwenye heshima anaacha kupiga simu, na sauti moja tu inabaki hewani.

Msaada wa mazishi uandikiwe barua fupi ya kupokea inayosema ni wa mazishi na si fidia. Hati nyingine yoyote isitiwe sahihi kabla mtu wa sheria hajaisoma, hata ikiletwa na kalamu na soda. Na shukrani? Kwetu mtu akikusaidia kuzika unamshukuru, huo ndio uungwana. Mshukuruni kwa barua au ana kwa ana. Kumshukuru mbele ya kamera kabla uchunguzi haujaisha ni kumpa cheti.

Kitu kimoja kampuni inacho na hakuna mwingine anacho: habari za ndani. Muulizeni afisa huyo kwa maandishi saa ya ajali, jina la kampuni ya bima na tarehe waliyoiarifu DOSHS. Majibu yake, au kunyamaza kwake, kutamfaa wakili kuliko mahojiano kumi.

Mwanasiasa simlinganishi na hawa kwa urefu. Atakuja matangani na kamera zake, atatoa mchango, ataagiza serikali ichunguze. Mwacheni azungumze kwa jina lake.

Kunyamaza

Watu huiona njia hii kama woga. Mimi naiona kama njia kamili, yenye wakati wake. Inafaa kabisa saa za kwanza, kabla wazazi ushago hawajaambiwa. Inafaa kabla ya matokeo ya upasuaji. Inaifaa pia familia ya Kiislamu inayotaka kuzika kwenye makaburi ya Kariokor siku hiyohiyo. Wao tayari wana mvutano wa kutosha kati ya kuharakisha mazishi na kusubiri upasuaji ambao ndio ushahidi wa chanzo cha kifo, na wanahabari langoni hawausaidii uamuzi huo.

Lakini kuna mwajiri anayesukumwa na aibu tu. Mwenye mjengo aliyezima simu, kampuni isiyo na bango, mkandarasi anayesema hamjui marehemu: hao wakikuta familia imenyamaza, wanahesabu wamepona. Kwa hali hiyo dakika mbili kwenye taarifa ya saa moja zinaweza kumtoa mtu mafichoni kuliko barua tatu.

Hata anayenyamaza atoe sentensi moja, vinginevyo wengine watajaza nafasi: "Familia imepokea habari za kifo cha ndugu yetu, tunasubiri uchunguzi, tutazungumza baada ya mazishi." Mwanahabari akiipata hiyo, ana kitu cha kumpelekea mhariri wake, na atawaacha.

Kamera, redio au karatasi

Msemaji akishapatikana, swali la wapi azungumzie ni jepesi zaidi.

Mahojiano ya moja kwa moja kwenye televisheni ndiyo yenye hatari kubwa, maana neno likitoka halirudi. Mahojiano ya kurekodiwa yana nafuu, ingawa dakika kumi zako zitakatwa ziwe sekunde kumi na tano, na wewe huchagui zipi. Redio ya lugha ya mama hufika nyumbani kabisa, kwa watu watakaokuja mazishini, kwa hiyo ni nzuri kwa kutangaza siku na mahali. Ila mtangazaji mchangamfu huvuta maneno, na ukiongea lugha ya nyumbani ulinzi hushuka. Facebook na TikTok za vijana wa familia zizimwe kwa suala hili hadi msemaji aseme. Mpwa mmoja mwenye uchungu anaweza kuandika saa nane za usiku kile ambacho kamati nzima ilikuwa inakikwepa.

Karatasi ndiyo mshindi wangu. Taarifa ya maandishi kwa Kiswahili, aya tatu, inayosomwa mara moja mbele ya wote na kutumwa kwa WhatsApp kwa wengine. Haikatwi kirahisi, haiulizwi swali la ghafla, na miezi minane baadaye mnajua mlisema nini. Inaweza kuwa hivi:

"Sisi familia ya marehemu tunathibitisha kwamba ndugu yetu, aliyekuwa na umri wa miaka 31, alifariki Jumanne akiwa kazini katika eneo la ujenzi, Kilimani. Alikuwa fundi wa vyuma, mume na baba wa watoto wawili. Tumeandikisha taarifa polisi na tunasubiri matokeo ya upasuaji. Tunaomba idara ya usalama na afya kazini ichunguze chanzo cha ajali hii na itueleze. Tunaomba picha za mwili na video ya ajali zisisambazwe, na watoto wasipigwe picha. Mchango unapokelewa kupitia namba moja tu, iliyo hapa chini. Msemaji wa familia ni huyu."

Angalia kisichokuwemo: mshahara, masharti ya ajira, jina la meneja, hukumu yoyote. Sentensi ya namba ya mchango ipo kwa sababu matapeli wa M-Pesa husoma habari za misiba kama sisi wengine, na namba ya uongo huanza kuzunguka siku hiyohiyo. Pamoja na taarifa, tumeni picha moja nzuri ya marehemu. Msipoituma, kituo kitachukua ile ya sherehe ya mwaka juzi, chupa ikiwa mezani, na suala la ulevi litakuwa limezaliwa bila mtu kulisema.

Nani kwa hali gani

Kifo cha mtu mmoja, mwajiri anajulikana na anashirikiana: jamaa mmoja, karatasi moja, wakili nyuma. Msiende studio yoyote.

Mwajiri amekana au ametoroka: jamaa na wakili wasimame pamoja, mapema, huku kamera bado zikijali. Chama au shirika la haki liongeze sauti siku inayofuata, lisitangulie.

Waliokufa ni wengi, kwa mfano jengo limeporomoka au kiwanda kimeungua: hapo familia moja haiwezi kushindana na kelele. Wanahabari watarukia yeyote aliye karibu, na serikali itakuwa na kikao chake. Familia zikiungana na kuwa na msemaji mmoja wa pamoja, hata wakikutana mara ya kwanza palepale mochari, husikilizwa zaidi. Lakini kila nyumba ibaki na wakili au mshauri wake wa fidia, kwa kuwa mapato na wategemezi hutofautiana.

Mashahidi ni vibarua wenzake ambao bado wako kazini: nyamazeni kwa muda, na msitaje kamwe "tumeambiwa na mwenzake". Kampuni itajua ni nani kabla ya saa sita mchana.

Na habari ikitoka na makosa, jina limekosewa au imeandikwa kwamba marehemu alikuwa mwizi wa vyuma, msemaji ampigie kwanza mhariri wa kituo, siyo ripota, kisha atume maandishi. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomhusu. Kituo kikikataa, kuna Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, na kanuni za maadili za wanahabari zinawataka wawe waangalifu wanapowahoji watu walio kwenye majonzi. Hifadhini nakala ya ukurasa au sehemu ya video kabla hawajaiondoa, mkiandika tarehe na saa. Malalamiko hayo yanaweza kusubiri hadi baada ya mazishi. Ile simu kwa mhariri haiwezi, kwa sababu habari ya saa moja hurudiwa saa tatu.